Haidrenjia yangu majani tu, maua hamna: weka mkasi chini kwanza

Suali: Asalaam aleikum maalim. Mie nipo Fuoni. Wifi yangu wa Lushoto alinipa mche wa haidrenjia, ulipofika ulikuwa na mashada mawili ya maua ya buluu mashallah, nikaupanda ardhini uani karibu na ukuta. Maua yale yalikwisha na tokea hapo ni majani matupu, mwaka wa tatu huu. Masika yakikaribia naukata wote ubaki kama shubiri mbili, kama navofanya asumini zangu, maana asumini nikizikata ndo zinazaa. Huu nikiukata unachipua vizuri tu lakini ua hamna, na sasa majani yanageuka manjano. Nikate vipi na nikate lini? Au nitie mbolea gani?

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu, na hongera kwa kuufikisha mche mzima kutoka Lushoto, maana safari ile ya basi mpaka Dar kisha boti na jua lake, miche mingi hufika imeshajifia. Ntakujibu kwa urefu kwa sababu suali lako moja ndani yake mna mambo matatu, mkasi, baridi na udongo, na karibu kila anaeniuliza habari za haidrenjia hapa Unguja huanza na neno mbolea ilhali mbolea ndo kitu cha mwisho kabisa cha kukifikiria.

Kwanza mkasi. Mwaka huu usiukate kabisa huo mche, ila kijiti kilichokufa tu. Asumini na haidrenjia hazina tabia moja hata kidogo. Asumini huzaa ua kwenye chipukizi jipya, ukiikata inatoa machipukizi na kila chipukizi linakuja na vitumba vyake nchani, ndo mana ukipitisha mkasi leo wiki kadhaa mbele una asumini za kufunga vikuba. Haidrenjia hii ya majani mapana yenye meno pembeni, ya asili ya Japani, jina lake la kitaalamu Hydrangea macrophylla, yenyewe ua lake hutungwa mapema mno, ndani ya jicho la kwenye ncha ya tawi la zamani, lile lililokua msimu uliopita, na linakaa humo limejificha miezi kabla wewe hujaliona. Sasa unapoushusha mche wote mpaka shubiri mbili unaondoa ncha zote kwa pamoja, na ncha ndiko liliko ua, au ndiko lingekuwako. Mche hauna kinyongo, unachipua kwa nguvu zake zote, majani mapya ya kijani kibichi unafurahi, halafu yale matawi mapya yanapoanza kukomaa yafikirie habari ya ua masika yanarudi na wewe unarudi na mkasi. Kwa hiyo kuchipua vizuri sio dalili kwamba umekata vizuri, hapo ndo watu wengi wanapopotea.

Lakini nisikudanganye. Hata ungekuwa hujaugusa hata siku moja, hapa Fuoni maua yangekuwa ya tabu, na hili ndo jambo kubwa kuliko mkasi. Mche huu hautungi ua vizuri mpaka upate usiku wa baridi, chini ya digrii 18 hivi, tena mfululizo kama wiki sita mpaka nane. Na likishatungwa, jicho hilo kwa kawaida linalala, linataka baridi nyengine ndo liamke lote kwa pamoja. Wanaozipanda kwa biashara Ulaya huziingiza kwenye vyumba vya baridi, digrii 4 mpaka 7, wiki sita hivi, gizani humo, majani yameshapukutika, kisha wanazitoa kwenye joto na zinachanua zote tayari kwenda dukani. Lushoto hakuna baridi ya kiasi hicho lakini ipo kama mita 1,400 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama digrii sita, so usiku wa Juni mpaka Agosti kule unashuka vizuri tu chini ya hizo 18 na haidrenjia za kule zinachanua bila ya mtu kuzibembeleza. Sie huku kipupwe chenyewe, Julai na Agosti, wakati watu wanavaa masweta na kulalamika kwenye baraza kwamba mwaka huu baridi imezidi, usiku upo kwenye digrii 21 hivi. Na hatuna pa kukimbilia, Masingini ndo mgongo wetu wa juu na haufiki hata mita 150. Pemba ina vilima vingi na mvua zaidi kuliko Unguja lakini vilima vyenyewe vifupi, so kwa ajili ya haidrenjia usimpelekee mtu mche Pemba ukidhani utapona huko.

Sasa utajiuliza mbona ulikuja na maua. Ulikuja nayo. Yale mashada mawili yalishatungwa mlimani, yalisafiri ndani ya mche yakaja kumalizikia kwako. Na ndo hivohivo kwa vile vyungu vizuri vinavyouzwa Dar na Nairobi, mtu ananunua kimejaa maua, kinakaa nayo wiki nne mpaka sita mezani, yanafifia yanakuwa ya kijani, halafu basi, anadhani kakosea kumwagilia.

Je ndo hakuna matumaini? Yapo, ila madogo, na nataka ujue udogo wake kabla hujaanza kutumia pesa. Matawi ukiyaacha yakazeeka, mche ukikaa mahali pa ubaridi kuliko pote hapo uani, huenda mwaka wenye kipupwe kikali ukapata shada moja mawili, madogo. Kuna aina za kisasa zinazochanua kwenye tawi la zamani na jipya pia, iliyovuma zaidi ni ile inayouzwa kwa jina la Endless Summer, iliingia sokoni Marekani mwaka 2004, hizo ukikosea mkasi zinakusamehe kidogo, lakini na zenyewe zinapenda ubaridi na joto kali linazibania. Mche wako wa Lushoto sidhani kama ni wa aina hiyo, miche ya kule mingi ni ya zamani inayopeanwa vipando mtu na jirani yake. Watu wameniuliza pia vipi mtu akiulaza chumbani kwenye AC, digrii 17, kila usiku. Kwa mujibu wa tabia ya mche inaweza kusaidia, wenyewe haujui baridi imetoka mlimani au ukutani. Lakini ni chungu cha lita 20 kinaingia kila magharibi kinatoka kila asubuhi kupata mwanga, wiki nane, na umeme wa tokeni unautazama unavoshuka, kwa mashada mawili. Sikukatazi, mali yako.

Turudi kwenye ukataji maana ndo ulichouliza. Kwa mche wenye maua, unakata mara tu ua linapofifia, usingoje. Unateremka na tawi kutoka chini ya shada, utaona macho yamekaa mawili mawili yanatazamana, ukifika kwenye jozi ya kwanza ya macho yaliyonenepa unakata juu yake kidogo, nusu inchi hivi, basi, hushuki zaidi ya hapo. Hayo macho yatatoa matawi yatakayokua na kukomaa kabla ya baridi ijayo. Mche ukishakuwa mkubwa, umesongamana, una vigogo vya kijivu vinene vilivyochoka, unaweza kutoa vile vizee kabisa vichache kutokea chini ardhini, lakini usizidishe theluthi moja ya mche kwa mwaka, ili mwanga uingie katikati na chini kutoke vijana wapya. Huo wako umeukata kila mwaka kwa hiyo hauna vizee, hauna haja na hilo sasa hivi. Kijiti usichokijua kama kimekufa au kizima, kikwaruze gome kwa ukucha, ndani pakiwa pa kijani kiache, pakiwa pa kahawia pakavu kikate mpaka ukutane na kijani. Mkasi uwe mkali na uupanguse kwa spiriti kabla, mkasi butu unaponda tawi na unyevu wetu huu palipopondwa panaoza upesi.

Na tahadhari na video za mtandaoni. Wanasema kata mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu kwao ndo baridi inaondoka, kwetu ndo jua la kaskazi linamalizikia na masika yanabisha hodi, kalenda yao haituhusu. Tena wengi wao katika hizo video wanakata haidrenjia aina nyengine kabisa, kuna yenye shada refu lililochongoka na kuna yenye mabonge meupe na majani laini membamba ya karatasi, Hydrangea paniculata na Hydrangea arborescens, hizo mbili kweli zinazaa kwenye chipukizi jipya, unazishusha hata shubiri mbili na hazidhuriki. Mtu anaangalia video ya moja anaenda kukata nyengine. Yako kwa vile ilikuja na mashada ya buluu haiwezi kuwa mojawapo ya hizo, zile hazina buluu.

Sasa majani ya manjano, na hapa ndo naona mche wako unaumwa kweli, ua likija au lisije. Kalitazame jani kwa karibu. Kama manjano yameanzia kwenye majani machanga ya juu, na mishipa ya jani imebaki ya kijani kama ramani, hiyo ni njaa ya chuma. Kama yanaanza ya chini yale makubwa, jani zima linageuka, hiyo ni njaa ya naitrojeni au mizizi imekaa kwenye maji. Kwa maelezo yako nahisi ni ile ya kwanza, kwa sababu umeupanda ardhini, karibu na ukuta, na bila shaka unaumwagilia maji ya bomba au ya kisima.

Kisiwa hichi sehemu kubwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Kule maweni upande wa mashariki ndo kabisa, udongo ni kiganja tu juu ya jiwe, lakini hata huku magharibi kwenye kinongo chekundu chini yake mna jiwe lilelile. Halafu ukuta. Saruji na lipu kila mvua ikinyesha zinateremsha chokaa chini ya mche wako, mpaka mabaki ya fundi yaliyofukiwa pale wakati wa kujenga yanafanya kazi hiyo. Halafu maji, kalitazame birika lako la chai ndani, ule ukoko mweupe, basi ndo unaoumwagia mche kila jioni. Chuma ardhini kimo tele, wekundu wa kinongo ni chuma hicho, ila kwenye chokaa kinafungika mzizi hauwezi kukifyonza, na haidrenjia ni mche wa udongo wenye asidi kidogo. Ndo mana nimesema mbolea mwisho, unaweza kumwaga mbolea ya mfuko mzima hapo na majani yakazidi manjano.

Dawa yake ni kuutoa ardhini. Uweke kwenye chungu kikubwa au ndoo ya lita 20, toboa matundu mengi chini. Fanya jioni, siku ya mawingu, masika yakishakolea au kipupwe kinapoingia, usifanye kaskazi utaua mche. Chimba kwa mbali uutoe na donge lake, kisha kung'uta kiasi udongo wa zamani bila ya kuitesa mizizi. Mchanganyiko wa kutia, chukua udongo mweusi wa chini ya miembe au mikarafuu, ule wenye majani yaliyooza, beseni mbili, samadi ya ng'ombe iliyozeeka haina tena harufu beseni moja, na vumbi la makumbi beseni moja ili lishike unyevu. Kwenye makumbi uwe mwangalifu, ukipata kwa akinamama wanaosokota kamba Jambiani au Bwejuu, makumbi yale yamefukiwa pwani miezi na maji ya bahari yameingia mpaka ndani, chumvi ile itaunguza mche kwa siku chache. Tafuta ya nazi kavu ambayo haijafika pwani, na bado yaloweke na kuyakamua mara kadhaa kwa maji baridi. Mchanga wa pwani usitie hata konzi moja, ule ni makombe na matumbawe yaliyosagika, chokaa tupu na chumvi juu yake. Na kwa hisani yako jivu la jikoni na maganda ya mayai pelekea mboga, najua bibi zetu wanatia jivu kila kitu na kwa mchicha sina ugomvi nao, ila kwa haidrenjia unaongeza chokaa pale pale unapohangaika kuiondoa.

Maji mazuri ni ya mvua. Bati la nyumba lipo, tega pipa la plastiki, la plastiki nasema sio tangi la saruji maana maji yakikaa kwenye saruji yanabeba chokaa yake. Masika na vuli utajaza, katikati hapo kama huna budi na bomba basi ya bomba, lakini kila mvua ikinyesha uache mche nje uoshwe.

Kuyarudisha majani kijani upesi huku mche unajizoesha, nenda duka la pembejeo uulizie chuma cha mimea cha keleti, yaani chuma kilichokingwa kisifungike udongoni, na uwaulize hasa kama ni aina ya EDDHA. Ile ya EDTA ni rahisi na ndo iliyojaa madukani lakini kwenye udongo wa chokaa haifui dafu, utainyunyizia majani tu itulize kidogo. EDDHA unaitia kwenye maji ya kumwagilia kwa kipimo cha kwenye pakiti, rangi yake nyekundu kama damu usiogope, ila itachafua sakafu. Majani ya zamani yaliyoshageuka hayarudi yote, tazama yale mapya yanayotoka. Mbolea ya kawaida kidogo sana, NPK ya uwiano sawa nusu kijiko cha chai kila mwezi inatosha chungu cha lita 20, ukizidisha naitrojeni unapata kichaka cha majani na ua ndo linazidi kwenda mbali.

Hujauliza rangi lakini utauliza, kwa hiyo nimalize. Buluu ile ya Lushoto ukipata ua hapa usiitegemee, utapata waridi. Rangi ya haidrenjia inatokana na aluminiamu. Udongo ukiwa na asidi, pH 5 mpaka 5.5, aluminiamu inayeyuka, mzizi unaivuta, inafika kwenye ua linakuwa la buluu. Udongo ukipanda 6.5 kwenda juu aluminiamu imefungika kama kile chuma, ua linakuwa waridi, katikati ya hapo linakuwa zambarau zambarau. Nyeupe haibadiliki. Ukitaka buluu kwenye chungu, shabu ile ya kusafishia maji inayouzwa kwa wauza dawa za kienyeji Darajani ina aluminiamu ndani yake, isage, kijiko kimoja cha chai kwenye lita nne za maji ya mvua, umwagie mara moja kila wiki tatu nne, udongo uwe umeshalowa kabla. Usizidishe, shabu nyingi inaunguza mizizi. Na usianze mpaka uone dalili ya vitumba, kupaka rangi ua ambalo halijaja ni kujichosha bure. Misumari yenye kutu watu wanayofukia kwenye chungu haifanyi lolote, inayogeuza rangi sio chuma.

Mahali pa kuiweka, jua la asubuhi mpaka saa nne, baada ya hapo kivuli, na chini ya mti mkubwa ni pazuri kuliko chini ya bati maana bati linashusha joto usiku kucha. Upande unaopigwa na upepo wa kusi kutoka baharini si pazuri, chumvi inakausha pembe za majani, ingawa Fuoni mpo ndani kidogo hamna shida hiyo kama watu wa Mbweni. Na usiku usiiegemeze ukutani, ukuta wa tofali umeshiba jua mchana kutwa unatoa joto mpaka usiku wa manane, na ubaridi wa usiku ndo tunaouwinda. Tandaza majani makavu juu ya udongo wa chungu kiasi cha vidole vitatu.

Utaiona mchana saa nane imelegea majani yote yametazama chini, usikimbilie kopo la maji. Jani lake ni pana linapoteza maji upesi kuliko mzizi unavyoleta, magharibi ikifika unaikuta imesimama wenyewe. Tia kidole mpaka kifundo cha pili, pakiwa pakavu mwagia mpaka maji yatoke chini, pakiwa na unyevu iache. Inayobaki imelegea mpaka asubuhi na udongo umelowa, hiyo mizizi inaoza, toboa matundu zaidi na uache kumwagilia siku kadhaa. Vidung'ata vile vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani vifute kwa kitambaa na maji ya sabuni, konokono wakubwa wa masika waokote usiku kwa tochi, hakuna dawa inayowashinda mikono.

Na sasa niseme maoni yangu, ukiyataka. Uutunze huo mche kwa ajili ya wifi yako na kwa majani yake, mashallah majani yake peke yake ni mazuri, lakini kama roho yako inataka bonge la buluu hapo uani kila mwezi, panda plambago. Asili yake Afrika Kusini, mashada ya buluu laini ya maji, jua kali haiogopi, kwenye mawe inaweza kupata manjano kidogo lakini haiachi kuchanua, na yenyewe inazaa kwenye chipukizi jipya, kwa hiyo ule ukataji wako wa asumini unaifaa sawasawa. Kero yake vikonyo vya maua vinanata, utavikuta kwenye baibui na nywele za watoto. Ukitaka shada kubwa la waridi lililofanana hasa na haidrenjia tafuta dombeya, Dombeya wallichii, ni ya Madagaska, majani makubwa mapana, mabonge ya waridi yananing'inia kipindi cha ubaridi yana harufu ya asali, watu wa Florida wanaipanda badala ya haidrenjia kwa sababu joto lao ni kama letu. Inakuwa kubwa, ipe nafasi hatua tatu kutoka ukutani, na maua yake yakikauka yanabaki yamening'inia ya kahawia yanachusha, kata hapohapo yanapokauka. Iksora nyekundu zile za mahotelini pia zina mashada mazuri ila na zenyewe zinapenda asidi, kwenye chokaa zitakuonesha manjano yaleyale.

Kabla hujauhamisha mche, kata vipando viwili vitatu iwe akiba. Huku sio kukata nilikokukataza, ni ncha tatu tu. Chagua tawi changa lisilo gumu, urefu wa kidole na nusu, majozi mawili au matatu ya majani, toa majani ya chini, ya juu yapunguze nusu kwa mkasi yasipoteze maji, chomeka kwenye vumbi la makumbi lililooshwa ndani ya kikopo, funika mfuko wa nailoni mwepesi, kivulini kabisa. Wiki tatu nne vuta kidogo, kikikataa kutoka kina mizizi. Wakati mzuri ni kipupwe, kaskazi vinaoza zaidi ya nusu.

Matawi na majani utakayokata, leo au siku nyengine, yafukie au yatie kwenye pipa la taka lenye kifuniko, usiyatupe nje ya ua kama tunavyotupa majani ya muhogo. Haidrenjia ina sumu ya jamii ya sianidi, jani, kitumba na ua vyote, na mbuzi wa Fuoni unawajua wewe kuliko mie, hawaulizi. Paka na watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni pia, chungu kikae juu ya kibaraza wasikokifikia.